Udongo wa Makuutu hauna haraka

Mwezi uliopita niliketi kwenye karakana ya fundi mmoja hapa Jinja, upande wa Walukuba, nikimtazama akifungua gurudumu la nyuma la bodaboda ya umeme. Mota ya pikipiki hizi imo ndani ya gurudumu lenyewe. Alilegeza boliti za kifuniko moja moja, akaingiza kipande cha mbao kwenye mwanya, kisha akaanza kuitoa sehemu yenye nyaya za shaba, polepole, kwa mikono miwili, huku ameuma meno. "Mzee, ondoa kidole hapo," aliniambia, "hii ikirudi inakata." Ilipotoka nikaona ndani ya ringi ya chuma vipande bapa vya rangi ya fedha vimegandishwa kwa gundi, kimoja kando ya kingine, kuzunguka ringi nzima. Spana iliyokuwa kwenye benchi, karibu kabisa na ringi, iliruka yenyewe ikajibandika kwa kishindo.

Vipande vile ni sumaku. Viwili vilikuwa vimepasuka, na ndiyo sababu pikipiki ilikuwa ikitetemeka njia nzima. Fundi alisema ni wiki ya tatu anatafuta ringi ya namna hiyo Kampala bila kuipata, kwa sababu mzigo uliotarajiwa kutoka China umechelewa. Nikamwambia kwamba udongo wenye madini ya kutengenezea sumaku hizo uko Makuutu, wilaya ya Bugweri, mwendo usiozidi saa mbili kutoka pale tulipokaa. Akainua kichwa.

"Sasa kama udongo ni wetu," akauliza, "mimi nasubiri nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na kadiri ninavyolitafuta ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali la fundi huyu ndilo ambalo wakubwa wetu wanapaswa kuulizwa kabla hawajatia saini mkataba wowote unaohusu udongo ule.

Tuanze na madini yenyewe. Kitaalamu huitwa madini ya ardhi adimu, na yako 17. Jina linapotosha, maana mengi yake si adimu hata kidogo. Seri, kwa mfano, imo kwenye ganda la dunia kwa wingi unaokaribia ule wa shaba. Kilicho adimu ni kuyakuta yamekusanyika mahali pamoja, na kilicho adimu zaidi ni ujuzi wa kuyatenganisha, kwa kuwa hukaa pamoja ardhini na tabia zao zinafanana kama mapacha. Manne kati yake ndiyo yanayobeba ugomvi wote wa leo. Neodimi na praseodimi huipa sumaku nguvu. Disprosi na terbi huizuia isiipoteze nguvu hiyo inapopata joto. Yamo kwenye spika ya simu uliyoshika, kwenye mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini, kwenye mikono ya roboti viwandani. Ndege moja ya kivita ya Marekani aina ya F-35 inakadiriwa kubeba zaidi ya kilo 400 za madini haya.

Mwaka 2024 dunia nzima ilichimba takriban tani 390,000, na China peke yake tani 270,000. Lakini nguvu haiko kwenye uchimbaji. Ukienda kwenye kutenganisha na kusafisha, China inashika karibu asilimia 90 ya kazi yote, na kwenye kutengeneza sumaku vivyo hivyo. Unaweza kuchimba Australia, California au Bugweri, lakini njia ya kwenda kwenye mota ya fundi wetu inapita mlango mmoja.

Haikuwa hivi zamani. Hadi miaka ya 1980 mgodi wa Mountain Pass, jimbo la California, ndio uliolisha sehemu kubwa ya dunia, na kiwanda cha La Rochelle huko Ufaransa kilikuwa miongoni mwa vinara wa kutenganisha. Uchafu wa kazi hii, mabaki ya asidi pamoja na mabaki yenye mionzi, uliwachosha wakubwa wa Magharibi, na bei za China zikawamaliza. Mountain Pass ilifungwa mwaka 2002. Napenda tuseme ukweli hapa, kwa sababu barazani nasikia mara nyingi kwamba China iliwapora wenzake. Haikupora. Ilikubali kufanya kazi chafu yenye faida ndogo kwa miaka 30, ikasomesha wahandisi, ikajenga kiwanda juu ya kiwanda, wakati wengine wakiona ni nafuu kununua. Na gharama yake wamelipa wanavijiji wa huko China, wa Baotou na wa jimbo la Jiangxi, ambalo nitalirudia.

Dunia iligutuka kwa mara ya kwanza Septemba 2010. Meli ya uvuvi ya China iligongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa ambavyo Japani huviita Senkaku na China huviita Diaoyu. Nahodha akakamatwa, na haikuchukua muda shehena za madini adimu zilizokuwa ziende Japani zikakwama. Bei zikapaa. Kufikia 2011 kila mwenye kipande cha mwamba chenye madini haya, kutoka Greenland hadi Malawi, alikuwa akiitwa tajiri wa kesho. Marekani, Umoja wa Ulaya na Japani wakaishitaki China kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2012, wakashinda mwaka 2014, na mwaka uliofuata China ikaondoa viwango vya ukomo wa mauzo ya nje. Lakini bei zilikuwa zimeshaporomoka zamani. Juni 2015 kampuni ya Molycorp, iliyokuwa imemwaga fedha nyingi mno kuifufua Mountain Pass kwa matumaini ya bei zile za 2011, ikafilisika.

Nauomba mwaka huo 2015 ukae akilini mwa kila anayezungumzia Makuutu. Mwenye mgodi Marekani, mwenye benki nyuma yake, alianguka kwa sababu alijenga juu ya hofu, na hofu ikaisha kabla mgodi haujalipa.

Sasa tazama mwaka 2025. Tarehe 2 Aprili Rais Trump alitangaza ushuru mpya kwa karibu dunia nzima. Siku mbili baadaye China iliweka masharti ya leseni kwa mauzo ya nje ya madini saba ya kundi hili, yakiwemo disprosi na terbi, pamoja na sumaku zake. Ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ukapanda hadi asilimia 145. Mwezi Mei kiwanda cha Ford mjini Chicago kilisimama kwa wiki nzima kwa kukosa sumaku. Suzuki nayo ikasimamisha utengenezaji wa gari lake la Swift kule Japani. Pande mbili zikakaa Geneva, kisha London, zikapoa. Tarehe 9 Oktoba China ikapanua masharti, ikaongeza madini mengine matano na kudai leseni hata kwa bidhaa zilizotengenezwa nje ya mipaka yake zenye chembe ya madini yake. Trump akatishia ushuru wa ziada wa asilimia 100. Tarehe 30 Oktoba Trump na Xi Jinping wakakutana Busan, Korea Kusini, na yale masharti ya Oktoba yakaahirishwa kwa mwaka mmoja, hadi tarehe 10 Novemba 2026.

Hesabu mwenyewe. Kutoka Aprili hadi Oktoba mlango umefungwa, umefunguliwa nusu, umekazwa tena, umelegezwa tena, yote ndani ya miezi saba na kila mara kwa saini ya watu wawili. Makuutu ilihitaji miaka kadhaa ya uchunguzi kabla leseni ya uchimbaji haijatolewa Januari 2024, na hadi leo kilichojengwa ni mtambo mdogo wa majaribio. Mgodi hauwezi kukimbizana na ugomvi wa namna hii. Anayetuambia tuharakishe kwa sababu Marekani na Ulaya wana njaa ya madini sasa hivi anatushauri tupande mvule kwa ajili ya kuni za jioni.

Na tuwe wakweli kuhusu kile tulicho nacho. Tuna historia mbaya ya kutangaza utajiri. Mwaka 2022 wizara inayohusika ilitangaza kwamba Uganda ina mashapo yanayoweza kutoa tani zaidi ya 320,000 za dhahabu safi. Dhahabu yote iliyowahi kuchimbwa na binadamu tangu enzi za Mafarao ni kama tani 210,000. Habari ile ilizunguka dunia, na mimi niliona aibu kwa niaba ya wanajiolojia wetu wazuri wa Entebbe ambao wanajua kazi yao.

Makuutu ni jambo la kweli, lakini lina vipimo vyake. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 na kampuni ya Australia yenye hisa nyingi kwenye mradi yalisema kuna tani milioni 532 za udongo, na ndani ya kila tani moja gramu 640 za oksidi za madini haya, yote yakiwa yamechanganyika. Chukua tipa la tani 20 kama yale yanayobeba mchanga Iganga. Ndani yake mna kilo 13 hivi, na si zote zinazoweza kutolewa, na kati ya hizo zinazotoka ni sehemu tu iliyo ya sumaku. Zidisha gramu 640 kwa eneo zima utapata kama tani 340,000, yaani pungufu ya kile dunia ilichochimba mwaka 2024 pekee. Hatukukalia Saudia.

Thamani ya Makuutu iko kwingine. Udongo ule ni wa aina ambayo madini hayakujifungia ndani ya mwamba; yamejishika juu ya chembe za mfinyanzi, na huoshwa kwa maji ya chumvi bila kusaga mawe wala kutumia tanuri. Na udongo wa aina hii ndio wenye disprosi na terbi kwa uwiano mzuri. Leo sehemu kubwa ya hizo mbili hutoka kusini mwa China na jimbo la Kachin huko Myanmar, ambako kuna vita. Kwa hiyo tuna kitu kidogo ambacho wengi hawana. Mwenye kitu cha namna hiyo hauzi kwa kilo, hukaa na wanunuzi mezani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotosheka na agizo la serikali la kupiga marufuku kuuza madini ghafi. Agizo ni zuri. Sheria ya Madini ya 2022 nayo ni nzuri, imeipa serikali nafasi ya kupata hisa za bure hadi asilimia 15 kwenye miradi mikubwa. Lakini uliza: ghafi ni nini? Ukishaosha udongo wa Makuutu unapata unga wa kabonati. Kwenye karatasi umeshachenjua, umetimiza sheria, unaweza kuujaza kwenye magunia na kuupeleka mpakani Malaba. Ndani ya gunia, hata hivyo, mapacha wote bado wamekumbatiana. Mnunuzi hukulipa sehemu tu ya thamani ya kilichomo, kwa sababu kazi ngumu imebaki kwake, na kwa sababu anajua huna pengine pa kwenda. Kesho akikunja uso, magunia yako ni unga tu.

Kazi hiyo ngumu ikoje? Mwanamke anayepepeta mpunga Bugiri hurusha ungo mara kadhaa, na makapi, kwa kuwa ni mepesi, hupeperuka. Sasa mwambie apepete mchanganyiko ambamo kila punje inazidi nyenzake uzito kwa kiasi kisichoonekana. Atapaswa kupepeta mara mia kadhaa, kila mara akipata nafuu ndogo. Ndivyo viwanda vya kutenganisha vinavyofanya kazi: safu ndefu za matangi, mamia kwa mamia, maji ya asidi yakichanganywa na kimiminika cha mafuta kisha kuachwa yatengane, tangi hadi tangi, kwa siku nyingi, hadi mwishoni disprosi itoke peke yake. Inahitaji kemikali, umeme usiokatika, na watu waliokaa na kazi hiyo hadi wakajua kusikia kwa sikio kwamba pampu ya tangi la 112 inakohoa. China ilijua thamani ya watu hao. Desemba 2023 ilipiga marufuku kuuza nje teknolojia ya kutenganisha, mwaka mzima na zaidi kabla ya kuyagusa madini yenyewe.

Kuna watakaoniambia hayo si ya Uganda. Watu hao hawakulelewa Jinja.

Shaba ya Kilembe, kule Kasese, ilipoanza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1956, haikupelekwa Ulaya kama mawe. Reli ilisogezwa hadi Kasese mwaka huohuo. Mawe yalipondwa na kuchujwa kulekule, makinikia yakapandishwa garimoshi, yakaja hapa Jinja, kwa kuwa bwawa la Owen Falls lilikuwa limefunguliwa mwaka 1954 na umeme ulikuwepo. Hapa yaliyeyushwa. Kilichoendelea kwenda Mombasa kilikuwa shaba ya kuyeyushwa, na katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa ya tatu kwa kuipatia nchi fedha za kigeni, nyuma ya kahawa na pamba. Mzee jirani yetu nilipokuwa mtoto alifanya kazi kwenye tanuri lile. Kovu la matone ya moto lilikuwa limemwenea mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, naye alilionyesha kama vile wengine wanavyoonyesha cheti. Alikuwa hajamaliza darasa la saba. Alijifunza kwa kusimama karibu na aliyejua.

Kilembe ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa bei mbaya, vipuri kukosekana na nchi kuvurugika. Lakini ilithibitisha kwamba nchi hii ilikwisha kufanya, zaidi ya miaka 60 iliyopita, kile ambacho leo inaambiwa ni ndoto: kuchimba upande mmoja, kumalizia kazi upande mwingine, kwa umeme wake yenyewe. Na leo umeme tunao zaidi. Karuma, yenye megawati 600, ilizinduliwa Septemba 2024, na kwa miaka sasa tatizo letu limekuwa kukosa wa kuutumia umeme wote unaozalishwa huku vijiji vikiwa gizani.

Nakubali hoja moja ya wapinzani wangu: Makuutu peke yake ni ndogo kubeba kiwanda kamili cha kutenganisha. Ndiyo maana naona makosa makubwa kuliko yote ni kila nchi ya Afrika Mashariki na jirani zake kwenda mezani peke yake. Tanzania ina Ngualla, mkoa wa Songwe. Malawi ina Kangankunde na Songwe Hill. Burundi ina Gakara, na ilikwisha kuonja uchungu: iliusimamisha mgodi huo mwaka 2021 ikilalamika kwamba bei inayolipwa haiendani na thamani ya mali. Kenya ina Mrima, kule Kwale. Miamba ya Tanzania na Malawi ina wingi wa neodimi na praseodimi. Udongo wetu unachangia disprosi na terbi. Sumaku ya fundi inataka vyote. Kiwanda kimoja kinacholishwa na nchi hizi kingekuwa na maana, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshawahi kukaa vikao virefu zaidi kwa mambo madogo zaidi.

Muda nao haungoji. Mpango wa awali wa Ngualla ulikuwa kuchimba Tanzania na kusafisha Teesside, Uingereza; ukaachwa. Mwaka 2025 kampuni iliyokuwa na mradi ilinunuliwa na Shenghe ya China. Siwalaumu Watanzania, wao walijadiliana wakapata asilimia 16 ya hisa za bure. Nasema tu kwamba kila mradi unaouzwa peke yake unalipunguzia kapu la pamoja yai moja.

Ila kiwanda bila bei ni Molycorp nyingine. Kwa hiyo nakuja kwenye jambo ambalo sijasikia likitajwa bungeni Kampala hata mara moja, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Angalia Wajapani walifanya nini baada ya 2010. Mwaka 2011 shirika lao la umma la madini na kampuni ya Sojitz waliweka dola milioni 250 kwenye Lynas, kampuni ya Australia inayochimba kwao na kutenganisha Malaysia, kwa ahadi ya kuuziwa kwa miaka mingi. Bei ziliposhuka hawakukimbia. Lynas ilinusurika pale Molycorp ilipozama, na utegemezi wa Japani kwa China ukashuka kutoka karibu asilimia 90 hadi karibu 60. Mwaka 2025 Lynas ikawa ya kwanza nje ya China kuzalisha disprosi na terbi kibiashara. Tazama tena Wamarekani. Julai 2025 Wizara yao ya Ulinzi iliweka dola milioni 400 kwenye MP Materials, inayoendesha Mountain Pass sasa, na ikaihakikishia bei isiyopungua dola 110 kwa kilo ya neodimi na praseodimi kwa miaka 10, karibu maradufu ya bei ya soko wakati ule. Serikali inayohubiri soko huria duniani kote ilikiri kwa vitendo kwamba soko huria haliwezi kujenga mgodi huu.

Basi nasi tudai hivyohivyo. Mnunuzi anayekuja Uganda akisema anataka kujikomboa kutoka China, aandike kwenye mkataba bei ya chini kabisa atakayolipa, kwa miaka isiyopungua 10, hata siku ambayo Washington na Beijing wamepatana. Akikataa, ujue hakuja kutafuta mwenza. Amekuja kutafuta kitisho cha kumwonyesha Mchina ili apunguziwe bei, na siku akipunguziwa atatuachia mashimo. Hili halimhusu Mzungu tu. Mchina akija, akubali sharti hilohilo, na aje na teknolojia aliyoifungia. Kongo imetuonyesha kwamba nchi ya Kiafrika inaweza kusimama: Februari 2025 ilisimamisha mauzo ya nje ya kobalti, ikavumilia kelele, na Oktoba ikarudi sokoni kwa viwango vya ukomo ilivyojipangia yenyewe, bei ikiwa imepanda. Sisi hatuna uzito wa Kongo kwenye kobalti. Tuna uwezo wa kusubiri, na udongo wa Makuutu hauozi.

Wasioweza kusubiri ni watu wanaoishi juu yake. Bugweri, Mayuge na Bugiri ni nchi ya miwa, mahindi, viazi vitamu na mpunga wa kinamasi, ardhi ya ukoo iliyogawanywa hadi vipande vya ekari moja na nusu ekari. Katiba yetu inasema madini ni ya serikali kwa niaba ya Jamhuri, na inasema pia kwamba mtu alipwe fidia ya haki kabla ardhi yake haijachukuliwa. Kule Buliisa na Hoima, kwenye mafuta, watu walithaminiwa mashamba, wakaambiwa wasipande mazao ya kudumu, kisha wakangoja miaka kadhaa. Mkulima aliyezuiwa kupanda kahawa kwa miaka mitatu amepoteza ada za shule za miaka mitatu, na hakuna fomu ya fidia yenye safu ya kuandika hilo.

Kisha maji. Chumvi ya kuoshea udongo wa aina hii kwa kawaida ni salfati ya amonia, ambayo wakulima wa miwa wanaijua kama mbolea. Kwenye shamba unatupa konzi. Mgodini huingia kwa maelfu ya tani, na ikivuja huenda kwenye visima na vinamasi. China yenyewe ilikadiria mwaka 2012 kwamba kusafisha uharibifu wa machimbo haya Ganzhou, jimbo la Jiangxi, kungegharimu yuan bilioni 38. Ilipoanza kufunga machimbo yale, kazi ilihamia kwa wingi ng'ambo ya mpaka, Kachin, ambako hakuna anayepima. Nasi tuna mfano wetu. Mabaki ya Kilembe yaliyorundikwa Kasese yalisombwa na mvua mwaka hadi mwaka, yakaacha ndani ya Mbuga ya Queen Elizabeth ukanda wa ardhi usioota jani, kuelekea Ziwa George. Waliokula faida ya shaba wengi wameshafariki. Ukanda upo. Kwa hiyo fedha za kurudisha ardhi ziwekwe benki kwanza, kabla ya tani ya kwanza, na vipimo vya maji ya visima vichukuliwe sasa hivi, wakati bado ni safi, na vibandikwe ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, kwa Kisoga, ili siku mama akisema maji yamebadilika ladha, awe na karatasi ya kushika.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa fundi. Ringi haikuwa imefika. Alikuwa amebandua zile sumaku mbili zilizopasuka na kuzitia kwenye kopo pamoja na nyingine za spika na mota kuukuu, zimeng'ang'aniana na misumari kuwa donge moja. Nilimweleza niliyoyasoma: tipa zima la udongo, kilo 13, matangi mamia. Alilitazama lile kopo kwa muda, kisha akauliza kama hizo kilo 13 zikitenganishwa vizuri zinaweza kutoa ringi ngapi. Tulichukua karatasi ya pakiti ya boliti tukaanza kupiga hesabu, yeye akikisia uzito wa kipande kimoja kwa kukipima kiganjani, hadi mteja mwingine akaja akisukuma pikipiki yake, na yeye akainuka kwenda kuifungua.